Tezi iliyodhaniwa masalia yawaweka madaktari njia panda

TUZO ya Nobel ya Tiba iliyotangazwa mjini Stockholm, Sweden, Oktoba 6, 2025, ilikwenda kwa Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell pamoja na Mjapani Shimon Sakaguchi. Nyuma ya ushindi huo kuna kiungo kidogo ambacho wapasuaji wamekuwa wakikitoa bila kusitasita: tezi ya thaimasi.

Tezi hiyo iko nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Huwa kubwa utotoni, kisha husinyaa na kugeuka mafuta, jambo lililowafanya wataalamu waione kuwa masalia tu. Mwaka 1961, Jacques Miller alionyesha kuwa panya wachanga walioondolewa thaimasi hushindwa kupambana na maradhi.

Thaimasi ni mithili ya chuo cha askari. Seli za kinga ziitwazo seli T hukomaa humo, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huuawa kabla ya kuhitimu. Hata hivyo, mchujo huo una matundu. Sakaguchi alianzia kwenye panya waliotolewa tezi siku tatu baada ya kuzaliwa, ambao kinga yao iligeuka na kuvila viungo vyao. Mwaka 1995 alitangaza kuwapo kwa seli T za aina nyingine, zenye kazi ya kuwatuliza wenzao. Mwaka 2001, Brunkow na Ramsdell walibaini jeni ya FOXP3, ambayo ikiharibika watoto hupata ugonjwa mkali wa kinga kujishambulia.

Je, mtu mzima akitolewa tezi hiyo hadhuriki? Watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha majibu mwaka 2023 baada ya kulinganisha wagonjwa waliotolewa thaimasi na waliofanyiwa upasuaji mwingine wa kifua. Katika miaka mitano walifariki asilimia 8.1 ya kundi la kwanza, dhidi ya asilimia 2.8. Kuhusu kinga kujishambulia, tofauti ilijitokeza pale tu walipowekwa kando waliokuwa na maambukizi, saratani au maradhi hayo kabla ya upasuaji: asilimia 12.3 dhidi ya 7.9. Takwimu hizo hazitoshi kuitia hatiani kisu, lakini zinatosha kukichelewesha.

Ajabu ni kwamba kisu hicho hicho huponya. Katika miasthenia gravisi, ugonjwa ambao kinga hulegeza misuli hadi kope kuanguka, tezi yenyewe mara nyingi ndiyo chimbuko la uasi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusisha wagonjwa 126, yalithibitisha kuwa kuiondoa hupunguza udhaifu na mahitaji ya dawa.

Wanaobaki kwenye utata zaidi ni watoto wenye kasoro za moyo. Kwao tezi ni kubwa, huziba njia ya mpasuaji, na utafiti wa Boston uliwahusu watu wazima pekee. Baadhi ya wapasuaji huacha kipande chake pale inapowezekana.