Mafuta Makuukuu Chini ya Mawe



Tunao msemo tunaoupenda kuliko baadhi ya amri za Mungu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunausema kwenye vikao vya ukoo, kwenye jumuiya ndogo ndogo, hata kwenye kamati za parokia hesabu zinapokuwa hazieleweki. Mara nyingi anayeusema ni yule aliyekosa. Aliyekosewa huwa amekaa pembeni, kimya. Leo nakuomba tuupime msemo huo kwa jambo lililotokea mbali sana na kwetu.

Tarehe 24 Machi 1989, dakika chache baada ya saa sita usiku, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, Marekani. Zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi zikamwagika baharini. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Sitafuti maana ya siri katika tarehe hiyo. Sisi wahubiri tunapenda mno mambo hayo. Picha zilizunguka dunia: ndege weusi kama lami, fisi maji wamekufa, watu wakiosha mawe kwa maji ya moto. Kampuni ilitumia takribani dola bilioni 2 kusafisha. Baada ya muda bahari ikang'aa tena, na mafuta yaliyosalia yakawa yamejificha chini ya mawe na changarawe, mazito, bila ile harufu kali ya mwanzo. Ungeyaona ungesema yamekufa.

Mafuta yakimwagika, jua, upepo na mawimbi huanza kuyachakaza. Viambato vyepesi kama benzeni huruka hewani au huyeyuka mapema, na hivyo ndivyo vinavyoua haraka siku za kwanza. Ndiyo maana ilidhaniwa kwamba vikishaondoka, sumu imekwisha. Mwaka 1999 wanasayansi wa maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Auke Bay, huko huko Alaska, walichapisha matokeo tofauti kabisa. Walichukua mayai ya samoni na ya heringi, ndugu wa dagaa wetu wa baharini, wakayaweka katika maji yaliyopita kwenye changarawe yenye mafuta. Kwa kipimo kilekile cha sumu ndani ya maji, mafuta makuukuu yaliyadhuru mayai kuliko mafuta mapya. Vyepesi vilikuwa vimeondoka na kuviacha viambato vizito, ambavyo huvuja polepole na kupenya hadi ndani ya yai. Vifaranga vikatoka na uvimbe kuzunguka moyo na migongo iliyopinda.

Kiasi kilichotosha kuleta madhara ni karibu sehemu moja katika bilioni. Chukua matangi matano ya lita 10,000 kila moja, yajaze maji, kisha gawanya humo tone moja. Ni kiasi hicho. Wanasayansi waliogharimiwa na kampuni walipinga, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Lakini hadi mwaka 1993 mayai ya samoni katika vijito vilivyopata mafuta yalikuwa bado yakifa kwa wingi kuliko katika vijito visafi. Na mwaka 2001 wachunguzi walipochimba maelfu ya mashimo kwenye fukwe zile, zaidi ya nusu ya maeneo waliyochimba yalikuwa bado na mafuta.

Tazama basi nani anaumia. Samaki mkubwa anaweza kuondoka akaenda kwingine. Yai halina pa kukimbilia.

Ndivyo ilivyo na shamba alilonyang'anywa mjane miaka 20 iliyopita. Waliogombana wamezeeka, wanapeana hata mkono wa amani kanisani. Wajukuu wa yule mjane ndio wanaokosa ada, wala hawajui ni kwa nini nyumba yao ni maskini kuliko ya jirani. Au mtoto aliyekataliwa na baba ambaye leo ni mzee wa kanisa. Kwa baba yameisha.

Kanisa halijapata kufundisha kwamba muda unafuta deni. Katekisimu, namba 1459, inasema wazi kwamba maondoleo huondoa dhambi lakini hayarekebishi kila uharibifu uliotokana nayo; aliyeiba anapaswa kurudisha. Zakayo (Lk 19:1-10) alilijua hilo bila katekisimu: aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Kule Alaska, mwaka 1994 mahakama iliamuru kampuni ilipe fidia ya adhabu ya dola bilioni 5. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaishusha hadi milioni 507.5. Baadhi ya waliodai walikuwa wamekwisha zikwa.

Nawageukia sasa waamini wa pwani ya Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia kwenu Chongoleani, na meli zitapakia hapo. Sisemi lijengwe au lisijengwe. Mkiitwa kwenye mkutano, msiishie kuuliza mafuta yakimwagika yatasafishwa kwa siku ngapi. Ulizeni nani atachimba matope ya mikoko baada ya miaka kumi kutazama kilichobaki, nani atapima mayai ya samaki, na kwa fedha za nani. Kisha ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.