Kijiko cha chai kinachoweza kuua injini

Vijana wapenda mbio za magari Kisii na Nyamira huwauliza mafundi swali hili: hedi ikiskimiwe ili kompresheni ipande, je, Probox yangu itaruka? Leo, msomaji, tulipige jambo hilo hesabu kabla hujatoa pesa.

Pistoni inapopanda hushindilia hewa na petroli katika nafasi ndogo iliyo juu yake, kisha plagi huwasha. Chukua nafasi yote iliyopo pistoni ikiwa chini, uigawe kwa ile inayobaki ikiwa juu. Jibu ndicho kiwango cha kompresheni. Kikiwa juu, petroli ileile hutoa nguvu zaidi.

Injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana katika Probox nyingi, imetoka kiwandani na 10.5 kwa 1. Ina sisi 1,496, yaani 374 kwa kila silinda, na juu ya pistoni hubaki kama sisi 39. Ukitaka 12 kwa 1, zibaki 34. Tofauti ni kijiko kimoja cha chai!

Na faida? Kwa hesabu ya vitabuni ni nguvu zaidi kwa kama asilimia 3 tu.

Hasara ni nzito zaidi. Petroli iliyoshindiliwa mno hupata joto na kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia mlio kama wa kokoto koponi, hasa ukipanda mlima na mzigo. Ukiupuuza, gasketi itaungua na pistoni itapasuka. Zamani petroli ilitiwa risasi ili kuzuia jambo hilo, lakini Kenya iliiacha mwaka 2006. Madereva wa mashindano huweza kutumia mafuta maalumu kama methanoli, ambayo hustahimili kushindiliwa. Wewe je, utayapata wapi kila asubuhi?

Kuna mtego mwingine. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Injini huvuta hewa kidogo, kwa hiyo iliyoskimiwa kupita kiasi inaweza kunyamaza hapa. Ishushe Mombasa, penye hewa nzito na joto, kokoto zianze kulia. Kimya cha Kisii si cheti.

Kumbuka pia kwamba magari ya Top Fuel ya Marekani hukimbia futi 1,000 tu, kisha injini hufunguliwa na kukaguliwa. Lako hubeba abiria na mikungu ya ndizi kutoka Kisii hadi Nyamira mchana kutwa.

Basi, kama gari ni la kazi, liache lilivyotoka kiwandani. Hedi ikiwa imepinda, iskimiwe kiasi cha kunyooka tu, na umuulize fundi ameondoa kiasi gani. Kama unaunda gari la mashindano, amua kwanza litakunywa mafuta gani, kisha litashindana wapi, na kiwango cha kompresheni kije mwisho. Ukifunga taabo, kishushe. Na mashindano yawe uwanjani, si kwenye barabara ya watu.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Injini nayo hufa.

Juma lijalo: kwa nini gari huchemka mlimani.