Shanga Ni Zake, Leseni Ni ya Nani?



Hebu tuulizane. Magari ya watalii yanapita hapa mjini yakielekea Buffalo Springs, Shaba na Samburu. Katika safari hiyo yote, mwanamke wa Isiolo analipwa wapi? Utamkuta amepanga shanga kando ya barabara, anafua mashuka ya loji, au yuko jikoni. Lakini kwenye leseni, kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki, jina lake mara nyingi halipo.

Asikudanganye mtu kwamba mama zetu hawajui biashara. Maziwa ya ngamia yanayonywewa Eastleigh yanatoka hapa Isiolo, na biashara hiyo imeshikwa na akina mama. Mtu anayemudu bidhaa inayoharibika kwa masaa machache, atashindwaje kulaza na kulisha wageni?

Wala tusiseme haya ni mambo ya kuiga. Bi Khadija (r.a.) alikuwa na mali yake na misafara yake, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimfanyia kazi ya biashara kabla ya ndoa yao.

Tazameni pia majirani. Mwaka 1990 Rebecca Lolosoli na wenzake walianzisha kijiji cha Umoja, karibu na Archer's Post, kiwe kimbilio la wanawake waliodhulumiwa. Mtalii akifika pale analipa kiingilio, na shanga ananunua kwao moja kwa moja. Kumbe tofauti yao na dada anayekimbiza magari barabarani si ufundi wa mkono. Wao wameshika mahali mgeni anaposimama, kwa hivyo bei wanapanga wao.

Turudi kwetu. Buffalo Springs na Shaba ziko chini ya kaunti yetu. Sheria inataka asilimia 30 ya tenda za serikali, za kaunti zikiwemo, zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi kaunti itutangazie hadharani: tenda za mbuga zetu zimeenda kwa nani, na wanawake wangapi wamepata? Na loji zinapopewa mikataba ya ardhi yetu, kwa nini isiandikwe kwamba maziwa, mboga na mapambo yatanunuliwa kwa vikundi vya hapa?

Kuna ujanja mwingine tunaujua sote. Kampuni inasajiliwa kwa jina la mama, tenda ikitoka, pesa inashikwa na mtu mwingine. Mama anaitwa kutia saini tu. Hiyo ni dhuluma, hata kama anayeifanya ni mume au kaka.

Dada, kabla ya kununua shanga zaidi, sajilini kikundi. Akaunti ifunguliwe kwa saini zenu wenyewe. Hazina ya Biashara ya Wanawake ipo tangu 2007. Nendeni muulize masharti, na mkiogopa riba, ulizeni wazi ada ni ngapi na ni ya nini kabla ya kutia saini.

Nawe ndugu yangu, siku mkeo au dada yako akileta fomu ya leseni, msaidie kuijaza. Ila pale palipoandikwa "mmiliki", mwachie aandike jina lake.