Poka si Hold'em pekee, na pesa si mwalimu

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi kwa sababu ya mteja mmoja ambaye kila Ijumaa jioni hukumbuka kitu kipya cha kuongezwa kwenye mfumo wake. Leo nimepumua kidogo. Sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata. Nataka tuzungumze karata.

Najua baadhi yenu mtakunja uso. Mmeona watu wakipoteza karo na kodi ya nyumba kwenye kamari, nami nimewaona. Nisomeni hadi mwisho kwanza, kisha mnikosoe.

Wengi wetu hapa Kenya tukisikia neno poka tunakumbuka "kadi", ule mchezo wa bwenini ambapo unatupa karata moja moja, ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi", na ukisahau kutangaza unajuta. Mnakumbuka pia kwamba kila mtaa ulikuwa na sheria zake. Ukienda kuwatembelea binamu zako ulilazimika kuuliza kwanza: hapa mtu anaweza kumalizia kwa A? Ukipigwa 2 juu ya 3 unaokota ngapi? Asiyeuliza aliokota kadi hadi mkono ukajaa.

Poka ninayoizungumzia leo ni ile ya kuweka dau, iliyokulia Marekani. Nayo ina mitaa yake. Mtaa unaojulikana na kila mtu ni Texas Hold'em: unapewa kadi mbili za siri, tano zinawekwa wazi mezani, na unatengeneza mkono bora wa kadi tano kutoka kwa zote saba. Mchezo huu ulivuma mno baada ya mwaka 2003, wakati mhasibu Mmarekani aitwaye Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia shindano la mtandaoni, aliposhinda taji kuu la World Series of Poker kule Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Tangu hapo watu wengi huanza na Hold'em na kuishia hapo hapo.

Maoni yangu ni haya: ukitaka kuboresha mchezo wako, iache Hold'em kwa muda, chagua mchezo usiojulikana sana, ujifunze kwa kuhesabu mwenyewe, na usiweke hata shilingi moja wakati unajifunza. Sikuyapata maoni haya kitabuni. Yalinigharimu shilingi 4,500.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimecheza Hold'em vya kutosha kujiona mjuzi. Usiku mmoja, kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja, nikaona meza ya Omaha. Nikasoma kwamba unapewa kadi nne badala ya mbili, nikasema moyoni, basi ni Hold'em yenye kadi nyingi, nitaiweza. Baada ya saa moja nilishika A ya shupaza, K na 9 za kopa, na 4 ya uru. Mezani kukawa na shupaza nne. Kadi tano za aina moja ni flashi, na mwenye A ana flashi kubwa kuliko zote. Nikaongeza dau hadi nikaishiwa. Mwenzangu akafunua shupaza mbili ndogo, 6 na 5, na tarakilishi ikamsukumia pesa zote.

Nilidhani programu ina hitilafu. Kumbe hitilafu ilikuwa mimi. Katika Omaha lazima utumie kadi mbili kamili kutoka mkononi na tatu kamili kutoka mezani. Mimi nilikuwa na shupaza moja tu mkononi, kwa hiyo sikuwa na flashi yoyote.

Pesa hizo zilikuwa za gesi na za intaneti ya mwezi. Mama watoto alipouliza kuhusu gesi nikamwambia mteja amechelewa kulipa. Tulipikia jiko la makaa wiki nzima, na kila jioni moshi ule ulinikumbusha uongo wangu.

Baadaye, kama waandishi wengi wa programu wanavyofanya wakiaibika, niliandika programu. Ilikuwa fupi, kwa lugha ya Python, na kazi yake ilikuwa kuhesabu tu. Katika Hold'em, kadi saba hutoa mikono 21 ya kadi tano. Katika Omaha, jozi 6 za kadi zako zikikutana na kadi tatu tatu za mezani, unapata mikono 60. Mikono ikiwa mingi kiasi hicho, flashi ndogo niliyozoea kuiheshimu kwenye Hold'em ni mkono wa kawaida kule Omaha. Hili lilinifungua macho kuliko makala yote niliyowahi kusoma, kwa sababu nililipata mwenyewe.

Kwa nini nasema muache Hold'em? Kwa sababu majibu mengi ya Hold'em yameshahesabiwa na wengine. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha kazi yao kuhusu programu iitwayo Cepheus, iliyotatua kivitendo Hold'em ya watu wawili yenye dau la kiwango maalumu. Mwaka 2017 programu ya Libratus kutoka Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne katika mikono 120,000, safari hii bila kikomo cha dau. Mwaka 2019 ikafuata Pluribus, iliyowashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita. Ni kazi za kupendeza, nazivulia kofia. Lakini kwa mwanafunzi matokeo yake ni kwamba siku hizi kujifunza Hold'em ni kukariri majedwali. Unajua la kufanya, hujui sababu. Ni kama kunakili programu ya mtu, inafanya kazi, na siku ikiharibika huwezi kuirekebisha.

Programu za kutafuta majibu zipo hata za Omaha, sikatai. Ila kadiri unavyoingia mitaa ya ndani ndivyo majedwali ya kukariri yanavyopungua, na unabaki na akili yako. Nitataja mitaa mitatu niliyoipenda.

Wa kwanza hutumia pakiti iliyopunguzwa. Unaondoa kadi zote za 2 hadi 5, zinabaki 36. Kwa kawaida fulu hausi, yaani kadi tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, huishinda flashi. Hapa flashi ndiyo inayoshinda. Nilipoliona hilo nilidhani mtu kajitungia, hadi nilipohesabu. Kwa pakiti kamili, mikono ya kadi tano yenye flashi ni 5,108 na ya fulu hausi ni 3,744. Kwa kadi 36, flashi zinabaki 480 na fulu hausi 1,728. Ukiondoa kadi 16 tu, kilichokuwa adimu kinakuwa cha kawaida. Sasa jiulize ni mambo mangapi "unayojua" kuhusu poka ambayo yanategemea pakiti ya kadi 52.

Wa pili ni Razz. Hapa mkono mbovu ndio mzuri: unatafuta kadi tano ndogo zisizofanana, na bora kabisa ni A, 2, 3, 4, 5. Kila mtu hupata kadi saba, na nne kati yake huwa wazi kwa wote. Tuseme umeanza na 2, 4 na 6, na una wapinzani sita. Unatamani kadi za A, 3, 5, 7 na 8, ambazo jumla yake ni 20. Kama kadi sita za wazi za wapinzani zote ni kubwa, una nafasi 20 kati ya 43 kwamba kadi yako ijayo itakufaa. Kama tano kati ya hizo sita ni zile zile ulizozitamani, una 15 kati ya 43. Ulichoshika ni kile kile, ila hali ni mbili tofauti kabisa. Na mtu akitupa kadi zake, wewe unapaswa kuzikumbuka. Razz ilinifundisha kutazama meza kabla ya kutazama mkono wangu, na niliporudi kwenye Hold'em tabia hiyo nilikuja nayo.

Wa tatu ni Badugi. Unashika kadi nne, nazo zinatakiwa ziwe za namba tofauti na aina tofauti: shupaza, kopa, uru na pau, moja moja. Una nafasi tatu za kubadilisha kadi. Hesabu yake ni tamu: 13 mara 12 mara 11 mara 10 ni mikono 17,160, kati ya mikono 270,725 inayowezekana. Hiyo ni kama mara 6 katika kila 100. Kwa hiyo mtu anayekataa kubadilisha kadi tangu mwanzo ama ana bahati ama anakutisha, na hakuna kadi hata moja ya wazi ya kukusaidia kujua. Unabaki kusoma amebadilisha kadi ngapi na lini.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu. Wachezaji wazoefu husema mchezo usio na pesa ni upuuzi, watu huweka dau kiholela kwa kuwa hawana cha kupoteza. Ni kweli. Kwenye meza za chipu za bure ukijaribu kumtisha mtu hatishiki. Lakini anayejifunza hahitaji kutishana kwanza. Anahitaji kujua sheria hadi asiwaze, kujua kipi ni adimu, na kuandika kila uamuzi mkubwa daftarini pamoja na sababu yake kabla hajaona matokeo. Mimi hufanya hivyo, na Jumapili narudi kuangalia sababu, si ushindi. Nimeshashinda kwa ujinga mara nyingi, daftari linashuhudia. Ukitaka uzito zaidi, cheza na marafiki kwa maharagwe, na wa mwisho aoshe vyombo. Hutaamini watu wazima wanavyokuwa makini wakiogopa sufuria ya ugali.

Pesa nayo haifundishi vizuri, kwa sababu hukusifu ukibahatika na kukuadhibu ukifanya sawa. Isitoshe, mwenye meza hukata sehemu yake kwenye karibu kila dau kubwa, kwa hiyo ukiwa sawa na wenzako nyote mnapoteza polepole. Huhitaji programu kubwa kuliona hilo.

Mwezi uliopita kijana mmoja tuliyefanya naye mradi aliniomba nimwandikie programu ya kumwambia la kufanya katikati ya mchezo wa pesa. Nilikataa. Tovuti za poka hukataza, na hata zisingekataza, upande wa pili yupo mtu aliyeketi akidhani anacheza na mtu. Nikampa programu yangu ya kuhesabu na pakiti ya karata, nikamwambia aanze na Razz. Aliondoka akinuna. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza iwapo 8 iliyotupwa inahesabika kuwa imetoka. Nikacheka, nikajua ameanza.

Kuhusu gesi, nilimwambia mama watoto ukweli baada ya miezi miwili. Siku hizi yeye hucheza Badugi kuliko mimi, na sufuria za Jumapili nyingi naosha mimi.

Haya, kazi ya nyumbani. Kwa pakiti ya kadi 36, kuna meza ambako kadi tatu za namba moja hushinda mfululizo wa kadi tano, na kuna meza ambako mfululizo ndio unaoshinda. Hesabu mikono ya kadi tano ya kila upande uone ni meza ipi inayofuata hesabu. Hata kalamu na karatasi zinatosha.