"Sinya Tu, Njo Musaada": Karatasi ya Michael Oher na Karatasi Zetu

Wiki hizi mbili grupu letu limejaa kipande kimoja cha filamu. Kijana mweusi mkubwa anatembea usiku kwenye baridi, amevaa kaptula, gari zuri linasimama pembeni, mama mzungu anamuuliza kama ana pa kulala. Chini yake mmeandika "Amina", "Mungu hasahau wake", "na mimi siku yangu inakuja". Nimehesabu Amina mpaka nikachoka. Filamu ni The Blind Side, ya mwaka 2009, na huyo kijana ni mtu wa kweli, anaitwa Michael Oher. Mimi nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike: hadithi hiyo ilivyopikwa ni sumu kwa mtoto wa mkimbizi, na aliyeilalamikia kabla yangu ni Oher mwenyewe.

Tuanze na kazi yake, maana wengi mnapenda filamu na mchezo wenyewe hamuujui. Ni ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Kuna anayeurusha, kwotabeki, ndiye mwenye jina, matangazo na pesa. Mbele yake wanasimama watu watano wanene, kazi yao ni moja: asiguswe. Hawarushi, hawadaki, hawafungi. Wakifanya kazi vizuri hakuna anayewataja, wakikosea mara moja uwanja mzima unawazomea. Wa kushoto kabisa ndiye analinda upande ambao mrushaji wa mkono wa kulia hauoni. Mwaka 1985 Lawrence Taylor alimwangukia Joe Theismann na mguu ukavunjika mbele ya televisheni nchi nzima, na baada ya mambo kama hayo timu zikaanza kumlipa mlinzi wa kushoto vizuri kweli. (Ukisimama kwenye daraja la Rusizi asubuhi ukaangalia akina mama wenye vikapu mgongoni, utaelewa habari ya mtu anayebeba halafu jina linakwenda kwa mwingine.)

Oher alizaliwa Memphis mwaka 1986, familia ya watoto 12, mama aliyeshikwa na madawa ya kulevya, mtoto analelewa na serikali leo huku kesho kule. Hapo filamu haikudanganya sana. Lakini kuna sehemu ambapo mtoto mdogo wa ile familia anapanga chupa za sosi mezani ili kumfundisha mpira, na yeye anakodoa macho kama hajui kitu. Oher aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2011 kwamba haikuwa hivyo: mpira alikuwa anaujua na anaufuatilia tangu utotoni. Jasho lake likageuzwa zawadi ya mtu mwingine. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300, na Sandra Bullock, aliyeigiza yule mama, akapata Oscar.

Sasa karatasi. Mwaka 2004, Oher akiwa ameshafika miaka 18, alisaini hati pamoja na ile familia, ya akina Tuohy. Dunia nzima iliambiwa wamemuasili, amekuwa mtoto wao. Hati haikusema hivyo. Ilikuwa ya usimamizi wa kisheria, ule ambao kwa kawaida mahakama inaweka juu ya mtu asiyeweza kujiamulia, mzee aliyepoteza akili au mgonjwa. Yeye hakuwa na ulemavu wowote. Ukiasiliwa unakuwa mtoto wa nyumba. Ukisimamiwa, mtu mwingine ndiye anakuwa na kauli juu ya mikataba yako, na undugu huo haupo.

Na angalieni hapa, maana ndipo kisu kilipo: neno hilo hakufichwa. Katika kitabu hichohicho cha 2011 ameliandika, akasema alielezwa kwamba maana yake ni karibu sawa na wazazi wa kuasili. Neno aliliona. Maana alipewa na mtu. Agosti 2023 akaenda mahakamani akisema amedanganywa na kwamba wengine wamefaidika na jina lake. Familia ile imekanusha. Wanasema hawakumla, pesa ya filamu waligawana, na karatasi ilikuwa kwa ajili ya kanuni za chuo. Kuhusu pesa mimi si hakimu. Lakini Septemba 2023 jaji wa Memphis aliuvunja usimamizi ule, akashangaa kwamba uliwahi kuwekwa juu ya mtu mzima asiye na ulemavu. Miaka 19 imepita hapo. Katikati ya miaka hiyo Oher alichaguliwa na Baltimore Ravens, wa 23 katika mwaka wake, 2009, na akachukua ubingwa wa Super Bowl Februari 2013. Bingwa wa dunia yao, na kwenye faili la mahakama bado ni mtu wa kusimamiwa!

Najua mtakachosema. "Yaya, alikuwa anakufa njaa, wakamlisha. Analalamika nini?" Kulishwa ni kulishwa, ashukuru, na mimi ningeshukuru. Lakini chakula hakidai saini. Mtu akikupa sahani ya wali kwa mkono wa kulia na kalamu kwa mkono wa kushoto, wewe uliza kalamu ni ya nini. Wengine watasema alipata mamilioni. Ndiyo, kwa kusukumana na majitu ya kilo 130 mpaka kichwa kikaumia, siyo kwa ile karatasi.

Kwa nini napiga kelele leo? Kwa sababu tangu Januari 2025 Marekani ilipofunga mlango wa wakimbizi, kesi zetu zimelala. Watu waliokuwa wamemaliza intavyu na vipimo vya hospitali wamebaki na mabegi yaliyofungwa. Mlango ukifungwa watu wanatafuta dirisha, na dirisha la sasa linaitwa kipaji. Wanakuja, wanatuma ujumbe kwenye simu, wanaangalia mtoto mrefu, mtoto mwenye mabega. "Huyu ni wa kikapu. Huyu ni wa ule mpira wa kofia." Hapa Kamembe kuna kijana wa miaka 17, jina silitaji, aliyeletewa kurasa nne za Kiingereza kitupu. Nyumbani hakuna anayesoma Kiingereza. Aliyezileta akamwambia mama yake: "Sinya tu, mama, njo musaada yenyewe." Nilizisoma usiku kucha na kamusi. Ukurasa wa tatu unasema "mwakilishi" ndiye ataamua shule, matibabu, picha na mapato ya mtoto, na tarehe ya mwisho haipo. Kabla ya hapo familia itoe pesa ya kuandikishwa.

Msiniambie kwamba nawakatisha watoto tamaa. Njia zipo na zinajulikana. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Georgetown kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Huko huko shuleni akacheza kikapu. Jonathan Kuminga ni mtoto wa Goma, hapa hapa Kivu, na mwaka 2022 alikuwa bingwa na Golden State Warriors. Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye wazazi wa Samoa, alikuwa mcheza raga; mwaka 2018 Philadelphia Eagles wakamchukua akiwa hajacheza hata mechi moja ya mchezo ule, leo ndiye mlinzi wao wa kushoto. Mkenya Daniel Adongo naye alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, akacheza mechi chache, kufika mwisho wa 2015 wameshamwacha. Hiyo nayo muwaambie watoto. Kuachwa ni sehemu ya kazi ile, kila mwaka, kwa watu wazuri kabisa. Na timu kubwa haimdai mama wa mkimbizi pesa ya kuandikishwa. Hiyo mkiisikia, funga mlango.

Nina neno pia kwa wakubwa wetu, kwa heshima zote. Papa na mama zetu wamesaini maisha yote: saini ya chakula, ya hema, ya kupigwa picha, saini juu ya saini kwa lugha ambayo hawakusomewa. Tumezoea kwamba kuuliza ni ufidhuli, kwamba anayeuliza jina lake linarukwa kwenye listi. Woga huo haukuzuka hivihivi, naujua. Lakini yule anayetaka mtoto wako asimamiwe na mtu baki bila tarehe ya mwisho siyo HCR na siyo serikali, hana listi yoyote ya kukuruka. Mwambie aisome karatasi kwa Kiswahili au Kinyarwanda, kwa sauti, mbele ya jirani. Mwambie nakala inabaki nyumbani. Muulize siku gani inakwisha na nani anaweza kuivunja. Akikasirika, umeshajibiwa.

Yule kijana bado hajasaini. Amepewa mpaka Jumatatu. Jumamosi saa nane mchana tunakutana palepale tunapofanyia mazoezi ya kwaya, mama yake amekubali kuja na kurasa zote nne, na kuna kaka mmoja aliyesoma sheria Bukavu atazisoma neno kwa neno. Mwenye karatasi kama hiyo nyumbani, iwe ya mpira, ya muziki au ya shule, aje nayo. Msiitume kwenye grupu, ileteni mkononi.