Kokoro litoke pwani ya Nyasa, ndoana ibaki

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya uvuvi wa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, upande wetu wa Mkoa wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Chiwindi mpakani na Msumbiji. Zamani eneo hili lote lilikuwa Wilaya ya Mbinga. Tangu 2012 ufukwe umekuwa Wilaya ya Nyasa na milima imebaki Mbinga. Wilaya zimegawanywa, lakini maji ni yale yale, na kwa hiyo maneno yangu yanawahusu wananchi wa pande zote mbili.

Mimi ni mvuvi wa mshipi na ndoana. Sina nyavu wala mashine. Kila asubuhi ninapotoka na mtumbwi huyakuta makokoro yakivutwa mchangani, na humo ndani naona vifaranga vya perege visivyozidi kidole. Vingine havifai hata kupikwa, vinaachwa vikaukie mchangani. Jambo hili linanisikitisha sana, kwa sababu Kanuni za Uvuvi za 2009 zilikwisha kupiga marufuku kokoro. Sheria ipo, ila utekelezaji unasuasua.

Ndugu Mhariri, wengi hudhani ziwa hili ni kubwa mno haliwezi kuishiwa. Kweli ni kubwa, na kina chake hufikia kama mita 700. Lakini upande wetu milima inatumbukia majini kwa ghafla, na maji mafupi yenye mchanga, mawe na majani ni ukanda mwembamba tu kando ya nchi kavu. Humo ndimo perege dume huchimba viota vyao mchangani, na majike hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukiburuta kokoro mahali hapo unavunja nyumba, unamchukua mama, na unawamaliza watoto siku hiyo hiyo.

Wanaobisha waangalie Ziwa Malombe nchini Malawi, ziwa dogo linalopokea maji ya Nyasa kwa Mto Shire. Kule nyavu za matundu madogo ziliburutwa hadi majani ya majini yakang'oka, na ilipofika miaka ya 1990 perege wakubwa waliolifanya ziwa hilo lijulikane walikuwa wameadimika kabisa. Wavuvi wakabaki kugombea visamaki. Je, sisi tunataka yatufike hayo ndipo tuitane mikutano?

Yuko pia mbasa, samaki mrefu mwenye kung'aa kama fedha, ambaye wataalamu wa uhifadhi wamemwingiza katika orodha ya samaki walio hatarini. Yeye huishi ziwani lakini hupanda mito, ukiwemo Ruhuhu, kwenda kutaga kwenye changarawe safi yenye maji yanayokwenda. Akikuta mlango wa mto umezibwa kwa nyavu, hataupita. Na akiupita akakuta changarawe imefunikwa tope, mayai hayatapona. Hapa nawageukia ndugu zetu wakulima wa Mbinga. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo kimesifiwa na wataalamu wengi kwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Basi kila shamba linalolimwa ovyo hadi ukingoni mwa mto linatuletea tope huku chini. Ngoro ya Mbinga ni ulinzi wa samaki wa Nyasa.

Wapo watakaosema naipigia debe ndoana kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Lakini tuangalie hesabu. Mbasa ni samaki anayefukuzia visamaki vidogo, na huidaka ndoana iliyofungwa unyoya au bati linalometameta. Kule Malawi, katika Mto Bua ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, wageni husafiri kuja kumvua kwa fimbo nyepesi na mshipi mwembamba, kisha humrudisha majini akiwa hai. Kwetu jambo hilo ni kichekesho, maana mtu mwenye njaa harudishi kitoweo. Nami simwombi mwanakijiji arudishe kitoweo chake. Nasema tu kwamba samaki mmoja aliye hai anaweza kulipiwa na mgeni wa kwanza, wa pili na wa tatu, lakini yule wa kwenye kokoro huuzwa mara moja.

Nchi ya Belize ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba aina tatu za samaki wa maji mafupi ya bahari yao, wanaopendwa na wavuvi wa fimbo, wakinaswa lazima warudishwe. Leo wananchi wa kule wanapata riziki kwa kuwaongoza wageni katika maji hayo. Sisi nasi barabara ya lami kutoka Mbinga imekwisha fika Mbamba Bay, na wageni watakuja tupende tusipende. Hatari ni kwamba watakuja wenye fedha, wajenge, waweke uzio, na mvuvi aambiwe apite mbali. Tukumbushane kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa na mito. Sheria hiyo imzuie mwenye hoteli kama inavyomzuia mwenye shamba.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, makokoro yakamatwe, na wanaoyauza washughulikiwe sawa na wanaoyavuta. Pili, milango ya mito ifungwe kwa nyavu zote wakati mbasa wanapopanda, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vijijini viwezeshwe kwa mashua na mafuta, si kwa maneno matupu. Tatu, wenye nyavu wasaidiwe kupata zana za kuvua dagaa usipa katika maji marefu, ili asiwepo mtu wa kusema amenyang'anywa riziki. Nne, mgeni mwenye fimbo alipe ada, sehemu ya ada hiyo ibaki kijijini, na aongozwe na kijana wa hapo hapo.

Maji mafupi ni ghala la mbegu. Mkulima mwenye akili hali mbegu, hata mwaka wa njaa. Nawaomba wahusika wasisubiri ghala liwe tupu.

Mvuvi wa Mshipi,
Mbamba Bay, Nyasa.