Kimmo Timonen alistaafu na kombe mkononi

Beki wa Ufini Kimmo Timonen alistaafu mchezo wa hoki ya barafuni mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 40, akiwa bingwa. Chicago ilipoishinda Tampa Bay na kutwaa kombe la Stanley, nahodha Jonathan Toews alimkabidhi yeye kwanza. Ni Chicago hiyohiyo iliyomnyima kombe mwaka 2010 alipokuwa Philadelphia. Miaka minne kabla, mjini Turin, Uswidi ilimnyima dhahabu ya Olimpiki.

Shangwe hizo zisifiche hatari aliyoikubali. Agosti 2014 madaktari walimkuta na damu iliyoganda mguuni na mapafuni. Dawa za maradhi hayo huzidisha uwezekano wa kuvuja damu mtu anapoumia, na beki kazi yake ni kugongana. Alirejea barafuni Machi. Katika fainali alicheza dakika chache tu.